Bima ya afya: tuendelee kudonoadonoa au tuingie wote kwa mpigo? Daftari la kikoba chetu linasema hivi

Ufunguo wa Tatu
Jumanne 5 Machi 2024, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za usiku.

Tangu Ijumaa humu ndani ni kitita kipya tu, yaani orodha mpya ya huduma na bei za bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya umeanza bei mpya za kuzilipa hospitali tarehe 1 Machi, baadhi ya hospitali binafsi zimesema bei hizo hazilipi na zimesitisha huduma kwa wenye kadi, wenye kadi wanalia. Sisi tusio na kadi tunatazama kama mechi ya timu tusizozishabikia.

Ila chini ya ugomvi huu kuna ugomvi mkubwa zaidi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba mwaka jana. Wapo wanaosema twende mdogomdogo: dawa kwanza, majengo kwanza, watu wajiunge kwa hiari yao, tukikosea tunarekebisha. Wapo wanaosema tuingie wote siku moja, atakaye na asiyetaka. Mimi sikuwa na upande mpaka kikoba chetu kiliponipa upande, na ndicho ninachotaka kuwasimulia. Ni kirefu kidogo, mnivumilie.

Tuko watu 30, Mbagala, wanawake wengi na wanaume wachache. Tunakutana Jumapili saa 10 jioni chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Sanduku lina kufuli tatu na mimi nashika ufunguo wa tatu. Tuna hisa, tuna mikopo, tuna mfuko wa jamii wa misiba na pole. Mgonjwa alikuwa anapewa 30,000 ya pole, basi.

Januari 2023 mwenzetu muuza maandazi alilazwa, bili ikapanda hadi laki tatu na ushee. Tulipitisha bakuli, likarudi na aibu. Katibu akatoa wazo zuri tu: tuanzishe mfuko wa matibabu, shilingi 1,000 kwa wiki, anayetaka. Akiumwa mchangiaji au mtu wa nyumbani kwake, mfuko unalipa hadi 100,000.

Daftari nilishika mimi. Walioandika majina walikuwa 11. Sasa niwatajieni hao 11 bila majina. Mama mwenye sukari. Baba mwenye presha, yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Dada mwenye mimba ya miezi saba. Mmoja ana mama mkwe aliyeletwa kutoka Masasi kuja kutibiwa. Mwingine mgongo. Mimi mwenyewe, mwanangu wa pili ana pumu, na sitaki kujifanya mtakatifu: nilijiandikisha kwa sababu hiyohiyo. Katika wote 11, wazima kabisa walikuwa wawili, na mmoja wao ni katibu, ambaye angeonekanaje akitoa wazo halafu asijiunge? Wale 19 walisema "tutaangalia kwanza."

Kwa wiki tunakusanya 11,000. Wiki ya 15 tulikuwa tumeingiza 165,000. Zilizotoka: pumu ya mwanangu mara mbili, 42,000 na 38,000. Vifaa vya kujifungulia vya yule dada, 45,000. Dawa za presha, 35,000. Tulipofungua sanduku, upande wa matibabu ulikuwa na noti moja ya 5,000.

Tukafanya ambacho kila mtu angefanya, tukapandisha mchango uwe 2,500. Jumapili hiyohiyo wale wawili wazima wakajitoa. Tukabaki wagonjwa tisa tunachangiana ugonjwa. Juni tukafunga.

Miezi hiyohiyo ndipo ikaja habari ya Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko huohuo wa Taifa. Mnaikumbuka: 50,400 kwa mwaka, mtoto anatibiwa. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kuandikishwa kwa makundi, kupitia shule. Maelezo yakawa kwamba wengi walioandikishwa walikuwa watoto ambao tayari wanaumwa. Humu tulitukana sana, nami nilikuwamo. Halafu nikafungua daftari langu.

Kwa hiyo swali langu si mageuzi makubwa au madogo. Naona hospitali unaweza kuijenga chumba kwa chumba, lakini bima huwezi kuiingiza mtu kwa mtu, kwa sababu anayeingia kwanza ni mgonjwa. Nikosoeni.

Siti ya Dirishani
Saa 3:20 usiku

Nimeshakaa. Mwenye karanga apitishe.

Kijana wa Kijiwe
Saa 3:41 usiku

Mama, heshima yako. Lakini kikoba chako ni watu 30 mnaojuana hadi rangi ya mapazia. Asiyelipa mnamfuata kwake. Mimi naendesha boda Tandika, nani ananifuata?

Mwaka 2022 muswada ulipokuwa unajadiliwa ilitajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita, au 84,000 mtu mmoja. Na muswada ule wa kwanza ulitaka ukienda kuchukua leseni ya udereva au kusajili laini ya simu uonyeshe kwanza kwamba una bima. Yaani walishaona kwamba sisi wa barabarani hatuna mshahara wa kukatwa, wakatafuta pa kutushikia. Nashukuru kelele zilipigwa.

Mimi nikiumwa naingia duka la dawa, napima malaria, nachukua dozi, kesho niko kazini. Kwa nini nimlipie baba wa presha asiyenijua?

Ufunguo wa Tatu
Saa 3:50 usiku

Mdogo wangu, 340,000 ukiigawa kwa siku 365 ni shilingi 931. Kaya nzima, watu sita. Chapati mbili na chai.

Na siku boda ikikulalia mguu, duka la dawa litakufunga plasta?

Kijana wa Kijiwe
Saa 3:58 usiku

Hapo kwa mguu umenipata, siwezi kubisha. Kwenye kijiwe chetu wawili wana vyuma miguuni.

Lakini 931 yako ina uongo ndani yake. Hakuna anayekuja kuchukua 931 kila jioni. Wanataka 340,000 kwa mkupuo. Mimi laki tatu nikiishika mkononi, pikipiki inahitaji tairi, mwenye nyumba anataka miezi sita, halafu masika yanaanza, abiria hakuna hadi Mei. Hela ya mtu wa chini ipo, tatizo haijawahi kukaa mahali pamoja.

Siti ya Dirishani
Saa 4:02 usiku

Hii sentensi ya mwisho naichukua, ni yangu sasa.

Dirisha Namba 4
Jumatano, saa 12:35 asubuhi

Nipo kazini baada ya dakika 25, niseme haraka kabla foleni haijaanza. (Baadaye: nimeandika kwenye daladala, nimemalizia jioni. Samahani kwa urefu.)

Mimi ni wa dirisha la dawa, kituo cha afya cha serikali, hapa hapa Dar. Niwaambie kadi inavyoonekana ukiwa upande wa ndani wa dirisha. Mama anakuja, ameamka saa 10 alfajiri, amepita mapokezi, daktari, maabara, anafika kwangu saa 6 mchana. Ananipa fomu. Dawa nne. Ninazo mbili. Nafunga amoksilini na parasetamo, hizo mbili nyingine nazizungushia mduara kwa kalamu. Mduara maana yake kanunue nje. Ananitazama, anatazama kadi, anauliza, "Sasa hii ni ya nini?" Nimeulizwa swali hilo mara nyingi hadi nimeacha kulijibu. Natabasamu tu na kumwita anayefuata.

Kwa hiyo mkisema watu wote waingie kwa mpigo, sensa ya 2022 imetuhesabu milioni 61.7, mimi naona miduara.

Ninyi mnapenda mambo makubwa yenye sheria na hotuba. Niwaambie mambo mawili madogo ambayo hakuna aliyeyapigia vigelegele. La kwanza, zamani Bohari ya Dawa ya serikali ikikosa kitu, kituo kilihangaika na karatasi za bei kutoka maduka mbalimbali, wiki zinapita, bei kila duka yake. Mwaka 2014 Dodoma wakaanza utaratibu wa mshitiri: mkoa unamteua muuzaji mmoja kwa zabuni, bei zinajulikana, bohari ikikosa unakwenda kwake. Wakaupa jina la Jazia, kwa maana ya kujazia pengo. Baadaye ukasambaa nchi nzima. La pili, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia kwenye akaunti ya kituo chenyewe badala ya kukaa halmashauri zikisubiri mtu azikumbuke. Kamati ya kituo inakaa, inapanga, inasaini.

Hayo mawili yamepunguza miduara yangu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia. Hayakuhitaji mtu kulazimishwa chochote. Sijasema bima ni mbaya. Nasema nipeni dawa kwanza, halafu mniletee watu.

Ufunguo wa Tatu
Jumatano, saa 1:15 usiku

Dirisha, umeniumiza kidogo, maana mimi ndiye huyo mama wa saa 10 alfajiri.

Ila niulize: hizo mbili usizokuwa nazo, zinakosekana kwa sababu hakuna hela au kwa sababu ya mpangilio?

Dirisha Namba 4
Jumatano, saa 1:40 usiku

Zote mbili, na haziko sawa mwaka mzima. Kukiwa na hela, mpangilio mbovu unaonekana. Kukiwa hakuna, kila mtu anasema ni hela.

Na niongeze: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 kwenda juu wasio na uwezo, hawa kisera wanatibiwa bure. Dawa wanazokunywa zinalipwa na nani? Na yule aliyelipia dirishani. Hakuna bahasha ya "bure" inayoletwa kituoni.

Mzee wa Magomeni
Jumatano, saa 2:30 usiku

Watoto wangu, nimewasoma wote. Mnaongea kana kwamba nchi hii haijawahi kufanya jambo la afya kwa mpigo. Tumefanya, tena mimi nilikuwa mtumishi.

Baada ya Azimio la Arusha, 1967, matibabu ya serikali hayakuwa na malipo. Zahanati zikajengwa vijijini kwa kasi ambayo hamtaiamini. Mwaka 1977 ikatungwa sheria, daktari kufungua hospitali ya kujipatia faida ikawa marufuku. Yakabaki mashirika ya dini na serikali. Huo ndio mpigo wenyewe. Hakukuwa na majaribio wala mkoa wa mfano.

Halafu zikaja vita vya Kagera, mafuta yakapanda bei, mazao yetu yakashuka. Kufikia katikati ya miaka ya themanini, huduma ilikuwa bure kama maji ya mfereji mkavu yalivyo bure. Mke wangu alilazwa wakati huo nikabeba shuka, sabuni na gloves kutoka nyumbani, na gloves nilizipata kwa kujuana. Mwaka 1991 madaktari binafsi wakaruhusiwa tena. Mwaka 1993 uchangiaji ukaanza, mgonjwa analipa sehemu ya gharama.

Kuanzia hapo tukageuka watu wa kujaribu. Igunga wakaanza Mfuko wa Afya ya Jamii kwa hiari, 1995/96. Mwaka 2001 ukapewa sheria. Mijini ukaitwa TIKA, tiba kwa kadi. Baadaye ukaboreshwa, kaya ya watu sita 30,000 kwa mwaka, na hapa Dar 150,000. Hesabuni kutoka Igunga hadi leo: miaka 28 ya hiari. Na ukijumlisha mifuko yote, Watanzania wenye bima ni takribani asilimia 15.

Mwanangu wa kikoba, hao asilimia 15 ndio 11 wako.

Lakini usinichukue nikawa mtu wako moja kwa moja. Ule mpigo wetu wa kwanza haukufa kwa sababu ulikuwa mpigo. Ulikufa njaa. Na mwaka 2001 huko Abuja wakuu wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, sisi tukiwamo. Ahadi ile iko wapi? Anayetaka mageuzi makubwa aanze kunionyesha chungu kabla ya kunionyesha moto.

Kijana wa Kijiwe
Jumatano, saa 2:44 usiku

Shikamoo mzee. "Mfereji mkavu" nimecheka peke yangu kijiweni, wananishangaa.

Chaki Nyeupe
Jumatano, saa 3:05 usiku

Mwalimu hapa, sekondari. Mimi niko kwenye mpigo tangu siku ya kwanza ya ajira. Asilimia 3 ya mshahara natoa mimi, asilimia 3 mwajiri, zinakwenda Mfuko wa Taifa. Chukueni mshahara wa 800,000 kama mfano: 24,000 na 24,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 576,000. Natibiwa mimi, mume na wategemezi wanne. Sikuulizwa kama nataka. Ningeulizwa nikiwa na miaka 25 na afya ya farasi, ningekataa. Nilipojifungua pacha kwa upasuaji nilishukuru kwamba sikuulizwa.

Lakini Jumamosi iliyopita nimempeleka mmoja wa hao pacha ana homa ya 39, hospitali binafsi siitaji, tuliyoizoea, nikaambiwa kadi haipokelewi, nilipe taslimu. Nikageuza bajaji hadi ya serikali, tukakaa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Kadi ilibaki kwenye pochi kama kitambulisho cha kupigia kura.

Kwa hiyo hata mkituingiza wote, ugomvi unahamia mahali pengine: nani anapanga bei ya kipimo? Mfuko unasema hospitali zinazidisha bili. Hospitali zinasema bei haifiki hata gharama. Mimi nikiwa katikati na mtoto begani.

Rudi Nyumbani
Jumatano, saa 5:18 usiku

Naomba niingie kwa mlango wa nyuma. Nilikaa Marekani miaka tisa, Massachusetts, kazi ya kutunza wazee majumbani. Mjadala wenu huu nimeusikia kule kwa Kiingereza, kwenye kila jikoni niliyopikia.

Wazee wale walikuwa wanakumbuka tarehe kama sisi tunavyokumbuka mechi za Simba na Yanga. Rais Truman aliomba bima ya taifa mwaka 1945, akashindwa. Mwaka 1965 Rais Johnson akapata kipande: Medicare ya wazee na Medicaid ya maskini. Akasafiri hadi Independence, Missouri, kwa Truman, akasaini pale mbele ya mzee na kumpa kadi ya kwanza. Bibi mmoja niliyemtunza alikuwa ananisimulia hiyo akilia, kila mara.

Mwaka 1993 Clinton akaleta mpango wa mpigo, muswada wa kurasa zaidi ya 1,300. Ulikufa 1994 bila hata kupigiwa kura ya mwisho. Walioupinga walisema ni mkubwa mno, turekebishe kidogokidogo. Na kweli, 1997 wakapitisha kitu kidogo, bima ya watoto wa familia zisizo maskini sana wala tajiri, na kikafanya kazi. Kwa hiyo Dirisha ana hoja, vidogo si vya kudharau.

Lakini kuna kidogo kisichowezekana. Ukitunga kanuni moja tu, ndogo, nzuri, kwamba kampuni ya bima isimkatae mgonjwa, basi watu wanasubiri waumwe ndipo wanunue. Ni daftari la dada yetu wa Mbagala. Ndiyo maana Massachusetts mwaka 2006, na Obama mwaka 2010, walihakikisha mafiga matatu yapo pamoja: mgonjwa asikataliwe, kila mtu awe na bima la sivyo faini, na asiyemudu asaidiwe kulipa. Ondoa figa moja, sufuria inamwagika. Sheria ya Obama ilipita kwa kura 219 dhidi ya 212, hakuna hata mmoja wa chama cha pili aliyeiunga mkono.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wengi hawaisimulii. Mwaka 2017 walibadili sheria, na kuanzia 2019 ile faini ikawa sifuri. Wengi walitabiri kila kitu kitaanguka. Hakikuanguka. Kwa nini? Kwa sababu msaada wa kulipia ulibaki. Watu hawakuwa wanaingia kwa kuogopa faini; wengi waliingia kwa sababu bei ilikuwa imeshushwa hadi wanapoifikia.

Dada Ufunguo, samahani, lakini sidhani kikoba chenu kilikosa nguvu ya kulazimisha.

Ufunguo wa Tatu
Jumatano, saa 5:40 usiku

Endelea, nisilale.

Rudi Nyumbani
Jumatano, saa 5:52 usiku

Wale 19 waliosema "tutaangalia", wangapi walikuwa wazima wajanja, na wangapi 1,000 ya Jumapili hawana?

Ufunguo wa Tatu
Alhamisi, saa 12:10 asubuhi

Sikujibu jana kwa sababu ilibidi niwakumbuke mmoja mmoja. Wajanja, tuseme 12. Saba hawakuwa nayo. Mmoja ni mjane anayeuza barafu na ubuyu, hisa zenyewe ananunua moja moja. Na ninavyofikiri sasa, huyo ana mtoto mgonjwa kuliko wangu.

Kwenye daftari niliwaandika wote "hawakutaka."

Hesabu Haidanganyi
Alhamisi, saa 4:20 asubuhi

Uzi mzuri. Rudi Nyumbani kaleta Marekani, nami nilete wanaofanana nasi zaidi.

Thailand walikuwa na kadi ya hiari tangu 1983, ikawa na ugonjwa uleule: wanaonunua ni wanaoumwa. Mwaka 2002 wakaiacha, wakasema kila raia asiye kwenye ajira yenye bima anatibiwa kwa baht 30 kila akifika, kilichobaki kinalipwa na kodi. Hawakumfuata mwendesha boda mlangoni. Mpigo huo, lakini kabla yake walitumia miaka mingi kujenga hospitali za wilaya na kupeleka madaktari huko. Kwa hiyo Dirisha na Ufunguo wote wako sahihi, ni suala la nani alitangulia kufika.

Ghana sheria yao ni ya 2003, sehemu kubwa ya fedha inatoka kwenye tozo ya asilimia 2.5 ya bidhaa na huduma, si kwenye michango. Rwanda wanachangia, lakini kaya ziliwekwa kwenye madaraja na maskini wa mwisho akalipiwa. Wamevuka asilimia 80 kwa miaka mingi. Kenya wamepitisha sheria yao Oktoba mwaka jana, asilimia 2.75 ya mshahara, hapohapo ikapelekwa mahakamani, huko tusubiri.

Na sheria yetu wengi mnaisema bila kuisoma. Ndani yake kuna mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na vyanzo vimetajwa: vinywaji vyenye gesi, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha. Ugomvi wangu mimi ni mmoja, nani anaamua kwamba huyu hana uwezo. Hapo ndipo kazi itakapolala.

Kijana wa Kijiwe
Alhamisi, saa 4:31 asubuhi

Kwa hiyo mkeka wangu wa Jumamosi ukichanika nimemtibu mtu Sumbawanga. Afadhali sasa nina sababu ya kumwambia mama watoto.

Dirisha Namba 4
Alhamisi, saa 2:05 usiku

Hesabu, hilo la nani hana uwezo nalijua. Kwetu asiye na hela anatumwa ustawi wa jamii, akiwa ameshikilia ubavu. Barua ya serikali ya mtaa unayo? Hana. Arudi Keko akaitafute, mwenyekiti yuko msibani. Wapo wanaoona afadhali waende kukopa. Na wapo wanaokuja na barua safi na simu ya milioni mbili. Ofisa wa ustawi ni mmoja, ana meza moja na kiti kimoja cha mgeni.

Mzee wa Magomeni
Alhamisi, saa 2:40 usiku

Zamani balozi wa nyumba kumi angekuambia bila barua.

Hesabu Haidanganyi
Alhamisi, saa 2:47 usiku

Na angemsahau asiyeelewana naye, mzee.

Mzee wa Magomeni
Alhamisi, saa 3:01 usiku

Hilo nalo ni kweli.

Ufunguo wa Tatu
Jumapili 10 Machi, saa 2:25 usiku

Wakuu nimerudi. Leo kilikuwa kikao, na mfungo unakaribia, nikasema nilipeleke hili kabla watu hawajaanza kuchoka.

Nimewasomea uzi. Si wote, vipande. Sentensi ya Kijana kwamba hela ya mtu wa chini haijawahi kukaa mahali pamoja ilirudiwa mara tatu kwa maombi. Mfereji mkavu pia.

Tulichokubaliana: mfuko unarudi, wote 30 ndani, 1,000 kwa wiki, inatolewa palepale na hisa, hakuna kulipa kwa mkupuo. Kwa mwaka ni 1,560,000 badala ya ile 572,000 tuliyokuwa tunaiota na watu 11. Kiwango cha juu tumekishusha hadi 60,000 kwa tukio. Watu watatu wasioweza wanalipiwa na faini za kuchelewa, na kikoba chetu kwa kuchelewa hakina mpinzani. Kuwajua hao watatu ilituchukua muda kuliko yote. Mwenyekiti alitaka wasimame wajieleze, tukakataa, kila mtu akaandika majina kwenye karatasi na kukunja. Mjane wa barafu alitajwa kwenye karatasi 21.

Dirisha, kwa ajili yako nimekwenda jana duka la dawa la karibu na kwetu na orodha ya dawa nane, za sukari, presha, pumu na za watoto, muuzaji akatuandikia bei na kugonga mhuri. Miduara tutaishughulikia namna hiyo kwanza.

Kura: 17 ndiyo, 9 hapana, wanne hawakuja. Wawili wamejitoa kwenye kikoba kabisa, tumewapa hisa zao mkononi. Kwa hiyo tuko 28, na ile 1,560,000 ifuteni, ni 1,456,000.

Kijana wa Kijiwe
Jumapili, saa 2:31 usiku

Nilijua. Waliotoka ni wale wazima.

Ufunguo wa Tatu
Jumapili, saa 2:36 usiku

Mmoja mzima, ana duka la vifaa vya umeme.

Mwingine ni yule baba wa presha. Amesema 1,000 anayo, tena angetoa hata 2,000, ila yeye si mtu wa kulazimishwa. Nimefungua kufuli yangu ya tatu, amehesabu noti zake mara mbili, ametuaga vizuri na kuniuliza lile duka la dawa lenye mhuri liko upande gani.